Kumsoma Fahali Mzima

Mtungi wa naitrojeni ukifunguliwa bomani, nje kidogo ya Kitale, moshi mweupe hufurika na kushuka chini kama maziwa yaliyochemka. Mhimilishaji huchomoa mrija mwembamba wa mbegu, huutumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu, hutazama saa. Ubavuni pa mrija pameandikwa jina la fahali na namba yake. Mwenye ng'ombe huwa na swali moja: binti za fahali huyu wanakamuliwa lita ngapi? Swali la haki kabisa, maana karo hutoka humo. Mimi hutamani kuongeza la pili: fahali huyu amebeba nini kisichoonekana?

Swali hilo nimelipata kwa mtu nisiyewahi kumwona, Robert Jolly, daktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Massey huko Nyuzilandi. Katika ng'ombe wa Angus wa nchi ile kulikuwa na ndama waliokuwa wakianza kuyumba, vichwa vikitikisika polepole kama mzee anayekubali kila analoambiwa. Ukiwasumbua, wanakuwa wakali. Wengi hawakumaliza mwaka. Hapa Trans Nzoia ndama wa hivyo angedhaniwa ana ndigana kali, adungwe sindano, afe, afukiwe.

Kule walipasuliwa, na vipande vya ubongo vikawekwa chini ya hadubini. Seli za neva zilikuwa zimejaa matundu. Hapa ndipo ninapopenda kukawia. Matundu yale yalikuwa mahali ugonjwa ulipokaa, wenyewe umeshaondoka: kilichorundikana ni sukari iyeyukayo majini, na wakati wa kuandaa vipande ilikuwa imekwisha kwenda zake. Ni kama kuingia ghalani ukute alama za magunia sakafuni, ujue palikuwa na mahindi.

Ghala lenyewe ni laisosomu, kifuko ndani ya seli ambacho Christian de Duve wa Ubelgiji alikieleza mwaka 1955. Kazi yake ni kumeng'enya takataka za seli. Kikikosa kimeng'enya kimoja tu, taka za aina moja hubaki na kujazana maisha yote. Mwaka 1972 Jolly na wenzake, Hocking na Batt, walionyesha kwamba ndama wale walikosa alfa-manosidesi. Ugonjwa huohuo ulikuwa umeelezwa kwa binadamu huko Uswidi mwaka 1967.

Kumjua ndama mgonjwa, hata mchungaji makini angeweza. Kazi ilikuwa kwa baba yake. Ugonjwa huu hurithiwa kama selimundu, jambo ambalo wazazi wengi wa Bungoma hawahitaji kuelezwa: baba mzima, mama mzima, mtoto mgonjwa. Fahali mbebaji hang'amuliki kwa macho. Ananenepa na kupanda kama wenzake. Ila kimeng'enya chake ni takriban nusu ya kawaida. Basi chukua damu, pima nusu.

Rahisi kusema. Kiwango hupanda na kushuka hata kwa ng'ombe wasio na kasoro, umri nao una lake, na wengine waliangukia katikati, si huku si kule. Hao walirudiwa, wakapimwa chembe nyeupe za damu. Halafu wako mapacha. Kila mfugaji anajua kwamba jike aliyezaliwa pacha na dume huwa tasa kwa kawaida. Ni kwa sababu damu zao zilichanganyika tumboni. Damu hiyohiyo ya mkopo inaweza kumdanganya mpimaji. Jolly hakuishia kulalamika: mwaka 1976 yeye na wenzake waliandika kuhusu ndama mgonjwa aliyebeba seli za pacha wake mzima, wakamtazama kama jaribio la tiba lililofanywa na maumbile yenyewe.

Na kuna mtego mwingine, huu wa kwetu zaidi. Msumbiji, mwaka 1999, watafiti walieleza mbuzi wenye dalili za namna hii. Kosa halikuwa la beberu. Walikuwa wamekula mmea uitwao Ipomoea carnea, wenye sumu inayokizuia kimeng'enya kilekile. Kabla ya kulaumu ukoo, kagua malisho.

Angus hawaonekani sana huku. Zizi letu ni la Friesian na Ayrshire, nao wana kasoro zao za kurithi. Kinachohitajika kwanza ni kujua baba ni nani. Bungoma nilimkuta mama mmoja anayehifadhi mirija iliyotumika ndani ya mkebe wa Blue Band, kila mmoja umefungwa uzi wenye jina la ndama. Mhimilishaji aliimwaga mezani, akaisoma mmoja mmoja, akawahesabu ndama waliokuwa uani. Alibaki mmoja, mwekundu, amesimama kando.

"Na huyu je, mama?"

"Huyo hana mrija, daktari. Ni wa dume la jirani."