Daftari Kabla ya Ramani

Katika nchi ya majani chai, kuanzia Kericho mjini kupitia Litein hadi Bomet, nyumba nyingi huanza na lori la mawe. Bonasi ya chai ya Oktoba ikishaingia, mawe yanamwagwa, fundi anaitwa, na msanifu majengo, akiitwa, huja kuweka sahihi kwenye mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Ndiyo maana nikimpata mtu anayejiandaa polepole kabla ya kukutana na msanifu, humtazama kwa heshima ile ile ninayompa mwashi hodari.

Niliyemtazama kwa karibu ni mama mmoja, mwalimu mstaafu wa upande wa Litein, mwenye kipande cha mteremko juu ya chai yake. Alinunua daftari la kawaida la shule. Kurasa za mwanzo hazikuwa na chumba hata kimoja. Zilikuwa za mvua.

Na mvua ya huku si ya kupuuzwa. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hukutana na ule wa mashariki juu ya milima hii, na mvua hunyesha karibu kila alasiri, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Mvua ya mawe nayo hupiga hapa zaidi kuliko sehemu nyingi sana za dunia. Mkulima yeyote aliyeona majani yake yamechanwachanwa anaijua. Basi kila mvua ilipokatika, mama alivaa gambuti akazunguka kiwanja, akichomeka kigingi pale maji yalipotuama na kingine pale yalipopita. Masika yalipoisha, vigingi vilikuwa vimejipanga mstari mmoja, ukikata katikati ya mahali wanawe walipotaka sebule.

Kisha akapima mteremko kwa mpira mwembamba wa maji, ule unaoonyesha ndani. Mjukuu alishika ncha ya juu, yeye ya chini. Kabla ya kusoma chochote aliupigapiga mpira kwa kidole, taratibu, mpaka viputo vyote vya hewa vikapanda na kutoka, kwa sababu kiputo kimoja kinatosha kudanganya kipimo kizima. Akangoja maji yatulie. Akapima kutoka ardhini hadi usawa wa maji, ncha zote mbili, akarudia, akaandika: mita 20, inashuka mita 2. Namba hiyo inaamua mengi. Ama unachimba mlima na kujenga ukuta wa kuzuia udongo, ama nyumba inashuka kwa ngazi, ama unainua upande wa chini na kupata stoo. Kila njia ina bei yake, na msanifu anaweza kuzipima zote akipewa namba hiyo mapema.

Jua nalo lilipata ukurasa. Kericho iko karibu kabisa na ikweta, lakini iko juu, kama mita 2,000 hivi, na usiku una baridi. Alasiri hutawaliwa na mawingu, kwa hiyo jua la kutegemea ni la asubuhi. Aliandika mahali linapogusa kwanza, na mahali ambapo mikaratusi ya jirani hulizuia mpaka saa nne.

Hapo ndipo alipofika kwenye nyumba yenyewe, na hata hapo hakuandika vyumba. Aliandika siku. Nani huamka kwanza. Gambuti zenye matope zinavuliwa wapi. Kuni zinakaa wapi zisilowe, na jiko la kuni liko umbali gani, maana sotet, kibuyu cha maziwa ya mursik, bado inahitaji mkaa wa mti wa senetwet. Aliandika kwamba siku nyingi ni wazee wawili tu, ila siku ya koito, ya kujadili mahari, wanakuja watu wa ukoo mzima. Mtu mwingine angeagiza sebule kubwa kama ukumbi, akae ndani yake akitetemeka kwa baridi mwaka mzima. Yeye aliandika shida yake na kuacha jibu kwa mwenye kazi. Huo ndio ustadi ninaousifu zaidi.

Pesa aliiweka wazi: malipo ya chai ya kila mwezi ni madogo, bonasi ni mara moja kwa mwaka, kwa hiyo nyumba itajengwa kwa awamu. Msingi lazima ujue leo kuhusu vyumba vitakavyoongezwa baadaye.

Wanaotaka kuona mvua ilivyopewa nafasi ya kwanza waende Kericho kwenye Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililotabarukiwa mwaka 2015, kazi ya kampuni ya John McAslan ya London. Fremu kumi za zege zinapanda hatua kwa hatua kuelekea altare, zikibeba paa kubwa la vigae vya udongo. Kwangu mimi, paa ndilo jengo. Hata nyumba ndogo ina hesabu hiyo: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 120 za mraba likipata milimita 100 linatoa lita 12,000.

Msanifu alipokuja alipewa nakala ya hati ya ardhi, mchoro wa mpima ardhi, na daftari. Alisoma kimya, kisha akauliza, "Mama, maji ya kigingi cha nne yanatoka kwa jirani au barabarani?"

"Barabarani. Mtaro uliziba greda ilipopita."

"Basi twende tukaone."

Waliporudi, nafasi ya nyumba ilikuwa imesogezwa upande wa juu wa mstari wa vigingi. Mama akafungua ukurasa wa maswali yake: namba yako ya usajili kwenye bodi ya wasanifu ni ipi, utakuja mara ngapi fundi akishaanza, na nani atapeleka michoro kaunti iidhinishwe? Alijibiwa moja baada ya jingine, akiandika.