"Uhuru wa Watumwa" na Watu wa Singida

Msomaji mpenzi, huenda nyumbani kwako, katika sanduku la vitabu vya wazee, kimo kitabu kidogo cha James Mbotela kiitwacho Uhuru wa Watumwa. Kilipigwa chapa mwaka 1934, na miaka mingi kikasomeshwa katika skuli zetu. Lugha yake ni nyepesi na kisa chake chachoma moyo: watu wanatekwa bara, wanafungwa minyororo, wanapakiwa jahazini, kisha manowari ya Kiingereza inawakamata baharini, nao wanakwenda kukaa Freretown, kile kijiji cha wamisheni karibu na Mombasa kilichoanzishwa mwaka 1875.

Wako wenzetu wasiotaka hata kukiona, kwa kuwa, wasema, kiliandikwa ili kuwatukana Waarabu na Waislamu. Mimi siwafuati. Minyororo ile haikuwa uzushi, na katika walioishika walikuwamo watu wenye kuswali swala tano. Dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara, ikamwekea na fungu katika Zaka. Na kumkamata mtu huru ukamuuza ni haramu. Basi aliyemnyakua mtoto shambani kwao hana aya ya kujifunikia. Tulikiri hilo kwanza, ndipo tuwe na uso wa kukihukumu kitabu.

Ila yake ni kwamba shukrani zote zinapelekwa kwa Mwingereza, kana kwamba uhuru ni sadaka iliyoshushwa melini. Tukipime kwa watu walio mbali na bahari. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, ikaingia Mgunda Mkali, lile pori lisilo na maji ambalo leo liko upande wa Manyoni na Itigi, mkoani Singida. Upande huo uliwaona wafanyabiashara wa pwani, kisha ukamwona Mzungu aliyesema amekuja kuwaondoa.

Mzungu huyo alikuwa Mjerumani. Mwaka 1889 baraza lao la Berlin lilitoa marki milioni 2, na jina la fedha hizo lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Kwa fedha hizo Wissmann aliipiga pwani, na Desemba mwaka huo huo Abushiri akanyongwa Pangani. Je, utumwa ulifutwa? Hata! Amri yao ya mwaka 1904 ilisema tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru. Mama zao wakabaki walivyokuwa. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja mwaka 1922, Mjerumani amekwisha kuondoka. Aliyeitoa ni Mwingereza, na haki yake tusimnyime. Lakini nchi yenyewe hakuiachia ila tarehe 9 Desemba 1961, baada ya wenyeji kuidai.

Na kabla ya hapo Unyaturu ilikwisha kudai kwa damu. Mwaka 1908 Wanyaturu walipambana na Mjerumani, na mmoja wa walioongoza alikuwa mwanamke, Liti Kidanka, aliyeuawa mwaka huo. Wazee wa huko husimulia kwamba aliwatumia nyuki, wakawatimua askari. Usicheke, msomaji, nchi ile ni ya mizinga na asali, na mtu hupigana kwa alicho nacho. Tena uulize askari wa Mjerumani walikuwa nani. Tangu Wasudani wa kwanza, Waislamu walikuwa wengi miongoni mwao. Hili nalo halimo katika hadithi tunazopenda kuwasimulia watoto.

Leo uwanja wa mpira wa Singida mjini unaitwa Liti. Mbotela hakuandika habari zake, na hakulazimika. Yeye aliandika ya jamaa zake, na kurasa za mateso yao ningependa zisomwe katika kila nyumba ya pwani, hata kama zinatuuma. Zile za kumsifu Mwingereza namwachia msomaji aliyekwisha kusikia ya Unyaturu.