"Mama" kama Cheo: Mke wa Mtawala Atazamwapo kutoka Kwale

Msafiri atokaye Msambweni au Diani kwenda kisiwani Mombasa aghalabu huvuka kwa feri ya Likoni. Akiwa majini, akielekeza uso kulia kwake, huuona ufuo wa kisiwa wenye mibuyu, na bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2019. Bustani hiyo na barabara ipitayo hapo zinaitwa kwa jina la Mama Ngina. Jina hilo hutamkwa kila siku na makondakta, wanafunzi na wachuuzi, wala hakuna anayesita kuliuliza linasema nini. Makala haya yanakusudia kusita hapo. Tutachunguza neno "mama" linapotumiwa kama cheo cha mke wa mtawala, na kupima kama lugha yetu inatupa njia ya kuyahakiki maisha ya mwanamke wa namna hiyo, au inatufunga kinywa.

1. Maisha yenyewe

Ngina binti Muhoho alizaliwa Kiambu mwaka 1933, baba yake akiwa chifu Muhoho wa Gathecha. Aliolewa na Jomo Kenyatta mwaka 1951. Ndoa haikutimiza miaka miwili kabla mume hajakamatwa, Oktoba 1952, naye Ngina akaja kuonja kifungo cha Kamiti katika miaka ya Hali ya Hatari. Kuanzia Jamhuri ya mwaka 1964 hadi mwaka 1978 alikuwa mke wa Rais. Baada ya miaka thelathini na mitano akarudi tena karibu na kiti hicho kwa njia nyingine, kwani mwanawe Uhuru alishika urais tangu 2013 hadi 2022. Hivyo basi, katika historia ya Kenya, ndiye mwanamke aliyekuwa mke wa Rais wa kwanza na mzazi wa Rais wa nne. Hakuwahi kushika wadhifa wa kuchaguliwa. Lakini ni wachache waliokaa karibu na mamlaka kwa muda kama wake.

2. Tatizo la istilahi

Istilahi ya Kiingereza inayotumika kwa mke wa rais haikubali kutafsiriwa neno kwa neno. Tukisema "mke wa kwanza", Mswahili atafahamu bi mkubwa, yaani aliyeolewa kabla ya wenzake. Kwa nyumba ya Kenyatta kosa hilo lingekuwa dhahiri zaidi. Mke wake wa kwanza alikuwa Grace Wahu. Akafuata Edna Clarke, aliyeolewa Uingereza mwaka 1942. Kisha Grace Wanjiku, aliyefariki wakati wa kujifungua. Na Ngina akawa wa nne. Mke wa nne, basi, ndiye aliyekuja kusimama mahali ambapo Waingereza humwita wa kwanza.

Kiswahili cha Kenya kimeitatua shida hiyo kwa kuchagua "Mama", na baadaye "Mama wa Taifa" au "Mama Taifa". Ni uteuzi mzuri kwa sikio, kwani unaambatana na "Baba wa Taifa". Lakini tazama kazi unayoifanya. "Mke wa Rais" ni maelezo ya uhusiano, na uhusiano huweza kuulizwa maswali. "Mama" ni neno la heshima, na katika malezi yetu mama hahojiwi mbele ya watu. Mtaa wa Nairobi uliokuwa ukiitwa Queensway, yaani njia ya malkia, leo unaitwa Mama Ngina. Malkia wa wageni aliondolewa, akawekwa mama wa wenyeji. Ila mahali pa kuinamisha kichwa pakabaki palepale.

Hali haikuwa hivyo siku zote katika fasihi yetu. Mwana Kupona binti Mshamu naye alikuwa mke wa mtawala, Bwana Mataka wa Siu. Cheo chake, "Mwana", kilikuwa cha heshima vilevile. Lakini sisi tunamjua kwa utendi alioutunga mwaka 1858, na tangu hapo wahakiki wamemsifu, wamembishia, na wengine wamemlaumu kwa mafunzo aliyompa bintiye. Aliacha maneno, maneno yakampatia wahakiki. Mke wa mtawala tunayemjua kwa vibao vya barabara zaidi kuliko kwa kauli zake hujikuta akipata wasifiaji na wasengenyaji tu.

3. "Mama" kwa Wadigo

Kwale ina sababu ya pekee ya kulipima neno hili. Kwa desturi ya kale ya Wadigo, mtu alihesabu ukoo wake kwa upande wa mama, na mali, pamoja na mashamba na minazi, iliteremka kutoka kwa mjomba kwenda kwa watoto wa dada yake. Uislamu, mahakama za kikoloni, na baadaye uandikishaji wa ardhi kwa hati ya mtu mmoja mmoja, vimeipunguza nguvu desturi hiyo, wala haikukosa ugomvi wake baina ya mjomba na baba. Hata hivyo fikira iliyo ndani yake ni muhimu kwa hoja yetu: mama ni njia ambayo kwayo mtu hudai haki yake. Amwitaye mwanamke "mama" anajiweka katika orodha ya wanaostahili kurithi.

Mithali nayo husema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapo pia umama ni kazi yenye wajibu, wala si taji. Cheo cha "Mama" cha dola kimechukua heshima ya neno na kuuacha wajibu wake. Katiba ya mwaka 2010 inaeleza madaraka ya Rais na Naibu wake, lakini haiundi wadhifa wa mwenzi wa Rais. Kwa hiyo tuna cheo kikubwa katika lugha kisichokuwa na kazi iliyotajwa katika sheria.

4. Msambweni na ardhi

Tarehe 21 Agosti 1978 Mzee Kenyatta alikuwa Msambweni. Alfajiri ya siku iliyofuata alifariki katika Ikulu ya Mombasa. Watu wa Kwale, basi, ni miongoni mwa raia wa mwisho kumwona hadharani akiwa hai. Wasifu wowote wa nyumba ile ambao haufiki Msambweni una pengo.

Lakini Kwale ina kumbukumbu nyingine, nayo ni ya ardhi. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa kwa Rais Uhuru Kenyatta mwezi Mei 2013. Makamishina watatu wa kigeni walikataa kuitia sahihi sura ya ardhi, wakidai kuwa aya zinazomtaja Mzee Kenyatta zilibadilishwa kwa shinikizo. Na miongoni mwa madai yaliyozozaniwa ni yale ya ardhi ya ufuo wa Tiwi na Diani. Hapa mhakiki yampasa kuwa mwangalifu. Yale ni madai mbele ya tume, si hukumu ya mahakama. Tena yanamhusu mume. Kumtwika mke lawama ya mumewe kwa kuwa tu ni mke wake ni dhuluma, na ni dharau pia, maana humfanya kivuli. Lakini kutumia neno "Mama" ili swali lenyewe lisiulizwe ni dhuluma kwa mwananchi wa Tiwi anayetaka kujua historia ya ufuo wake.

Kwamba njia ya kati yawezekana, tunao mfano katika nyumba hiyohiyo. Margaret Kenyatta, mkaza mwana wa Mama Ngina, alianzisha kampeni ya Beyond Zero mwaka 2014, iliyopeleka zahanati za magari katika kaunti 47, Kwale ikiwamo. Kazi ya namna hiyo hupimika. Mkazi wa Kinango anaweza kuuliza kama gari lilifika, kama lina dawa, kama lingali likifanya kazi. Swali lake halimvunjii mtu heshima. Linairudishia heshima hiyo maana yake.

5. Hitimisho

Hatupendekezi neno "Mama" lifutwe. Limekwisha kukita mizizi, na adabu ya Kiswahili ni hazina. Tunachodai ni kwamba walimu na wanafunzi wa idara zetu waandikapo wasifu wa wake za watawala, waanze kwa maelezo kabla ya cheo: aliolewa lini, alifungwa wapi, alimiliki nini, alisema nini, nani alinufaika na nani alidhurika. Baada ya hapo cheo kitajitetea chenyewe, au kitashindwa.

Feri itaendelea kuvuka, na jina litaendelea kuitwa. Mwanafunzi wa Msambweni alisikiapo ana haki ya kujua ni la nani na lilipatikanaje. Na ikiwa kweli aitwaye hapo ni mama yake, basi kuuliza habari za mama na za mali yake si utovu wa adabu. Kwa mila ya bibi zake, ndiyo haki ya mtoto.