Kasoro Iliyojificha Kwenye Dhana

Mpe mwanafunzi wa sekondari swali hili: andika programu ya kujumlisha vigawe vyote vya 3 au 5 vilivyo chini ya 1000. Wengi watajumlisha vya 3 wapate 166833, wajumlishe vya 5 wapate 99500, kisha watoe jibu la 266333. Wamekosa. 15, 30, 45 na vigawe vingine vya 15 vimehesabiwa mara mbili. Ukiondoa 33165 ya ziada, unapata 233168. Kujumlisha kwao hakuna dosari, ila walidhani makundi hayo mawili hayaingiliani, na hawakujua kwamba wamedhani. Hapo ndipo ninapozipendea chemshabongo za programu: zinamfichulia kijana dhana yake mwenyewe, tena bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Sasa mwambie kikomo ni bilioni moja. Programu iliyokuwa ikikagua namba moja moja inaanza kujikokota, naye analazimika kuweka kibodi kando, ashike kalamu na kutafuta kanuni.

Wapo wanaosema mafumbo haya hayafanani na kazi yenyewe, ambayo ni kusoma programu za wengine, kuelewana na wenzako na kumsikiliza mtumiaji. Ni kweli, hayo hayafundishwi na mafumbo. Lakini mwaka 2006 mhandisi wa programu Joshua Bloch alieleza kasoro iliyokuwa imekaa kwa miaka kadhaa ndani ya maktaba ya lugha ya Java, katika programu ya kutafuta kitu kwenye orodha iliyopangwa. Ili kupata nafasi ya katikati, programu ilijumlisha mwanzo na mwisho, kisha ikagawa kwa 2. Jumla ikizidi 2147483647, inageuka kuwa hasi. Waliopitiwa ni mabingwa wa fani. Kuuliza “namba ikiwa kubwa mno je?” ni tabia, na mafumbo huijenga kwa sababu majaribio ya siri yanayopima majibu yake hulenga mipaka hiyo hiyo.

Pingamizi la pili, kwamba mafumbo humfanya mtu ashindane na saa, lina uzito zaidi. Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki, iliyoanzia Bulgaria mwaka 1989, huwapa vijana saa 5 kwa siku, na kwa mashindano zinafaa. Kwa mazoezi ya shuleni, naona saa iondolewe kabisa. Anayefikiri polepole asiitwe mzito. Aachiwe fumbo moja wiki nzima, alifuatilie kwa mkono kwenye daftari, mstari kwa mstari, hata kama zamu yake ya kompyuta ni Ijumaa tu.