"Kufuga" na "Kustaafu": Upungufu wa Maneno Mawili

Mwandishi amwelezaye mkongwe wa vita asiye na makao, aishiye na mbwa wake ufukoni Kigoma, hana budi kuyapima maneno. "Kufuga" kwadai ua au banda. "Kustaafu" kwadai kiinua mgongo. Wapagazi wengi wa vita vya 1914–1918, vilivyoipeleka Kigoma mikononi mwa Wabelgiji mwaka 1916, hawakustaafu, waliachwa tu. Methali isemayo heri kumfadhili mbuzi kuliko binadamu nayo humpima mnyama kwa mchuzi wake. Tena Ujiji, penye Waislamu wengi wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, naye hulala nje. Ndipo alalapo pia asiye na nyumba. Neno lifaalo ni "mwenzi": halidai paa, wala halimfanyi mmoja kuwa mali ya mwingine.