Kazi ya Fundi wa Parachuti ya Akiba

Mwenye parachuti ya akiba humlipa fundi aikunje huku akiomba isimfungukie angani hata mara moja, kisha baada ya miezi kadhaa humlipa tena aifungue, aikague na kuikunja upya. Nchini Marekani sheria ya anga inadai kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ndani ya siku 180 kabla ya parachuti kutumiwa ikiwa parachuti ni ya nailoni, na siku 60 ikiwa ni ya hariri. Mpaka 2008 nailoni nayo ilipewa siku 120 tu. Kuongeza muda kulikuwa sahihi. Nailoni iliyotulia mfukoni haichakai upesi. Inachakaa kila inapokunjuliwa, ikavutwa na kugandamizwa kwa magoti mpaka hewa iishe, kwa kuwa mfumo wa nyuzi zake hulegea na kuanza kupitisha hewa. Ukaguzi wenyewe una gharama yake.

Atatokea wa kuuliza: basi si tungoje miaka mitano? Jibu limo katika mkasa wa miaka ya 1980, ilipogundulika kwamba wavu ulioshonwa kwenye baadhi ya parachuti za akiba za mviringo ulikuwa na tindikali iliyokula nailoni iliyogusana nao. Kwa macho kitambaa kilionekana kizima. Ilibidi kipakwe dawa ya kupima tindikali na kuvutwa kwa kipimo ndipo udhaifu ujulikane. Kasoro ile haikuletwa na kuruka, ilikomaa ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Ndiyo maana naona muda upangwe kwa kutazama ubora wa ukaguzi kuliko wingi wake. Fundi stadi hukipitisha kitambaa mbele ya mwanga kipande kwa kipande, hufuata kila kamba mpaka mwisho, hupima kitanzi cha kufungia, na kabla ya kufunga kabisa huhesabu zana zake, maana pini moja ya kushikilia kwa muda ikisahaulika inaweza kuuzuia mfuko usifunguke. Kisha huja lakiri ya uzi mwekundu na kipande cha madini ya risasi kilichobanwa kwa alama ya fundi mwenyewe, na sahihi kwenye kadi. (Wapo wanaotia sahihi bila kufungua, na muda mfupi mno huwazidishia kishawishi hicho.) Wala siku 180 si ruhusa ya kungoja: parachuti iliyoloa, au iliyoachwa juani ndani ya ndege, inafaa irudishwe mezani kwa fundi mapema, hata kama kadi yake ina wiki moja tu.