Papa Wemba ndani ya sinema: ile sauti ilitoka wapi?

Wengi wetu tunamujua Papa Wemba juu ya nyimbo zake na mavazi yake. Kazi yake ya sinema watu wanaitaja mbio mbio tu, sawa vile ilikuwa muchezo wa siku moja. Sisi tunaona kwamba pale njo kuna fundisho kubwa kwa wenye kupenda mila. Na tena kuna jambo moja ambalo tunakataa.

Sinema yenyewe inaitwa La Vie est belle, maana yake maisha ni mazuri. Ilitoka mwaka 1987. Waliitengeneza watu wawili: Mwezé Ngangura, mwenye kuzaliwa Bukavu, na Benoît Lamy wa Ubelgiji. Papa Wemba anacheza Kourou, mutu mukubwa wa hadithi, na nyimbo zake njo zinabeba sinema, pamoja na muziki wa Zaïko Langa Langa na Tshala Muana. Basi mutu mumoja alifanya kazi mbili: kutunga na kuonekana.

Hadithi ni fupi. Kourou ni mwanamuziki wa kijiji. Anaacha ala za asili, anaenda Kinshasa kufuata muziki wa umeme. Kule anakuwa boyi ku nyumba ya Nvouandou, tajiri mwenye kilabu cha muziki. Anapenda binti anaitwa Kabibi. Kumbe bosi naye anamutaka, kwa sababu nguvu za kiume zimemupotea na nganga amemwambia aoe bikira. Mwisho wake ni wa kuchekesha, na Kourou anafika ku jukwaa.

Tuangalie kwanza uchezaji. Mwaka ule Papa Wemba alikuwa mutu wa kuheshimiwa Matonge, mwenye Village Molokai, mwalimu wa vijana wa sape. Na hapa anaonekana mu nguo za mutumishi, anatumwa huku na kule! Mwenye kumujua anacheka mara mbili: anacheka Kourou, na anacheka kuona mukubwa amekubali kujishusha. Wazee wetu wenye kusimulia hadithi mangaribi walifanya vile vile. Muzee wa heshima anajigeuza sungura ao mujinga, na hakuna mutu anamuzarau. Papa Wemba alielewa ile sheria: ukitaka watu wakusikie, kubali kwanza wakucheke.

Sasa sauti. Ndani ya sinema watu wanazungumuza Kifaransa, hata pale ambapo mu Kinshasa ya kweli wangesema Lingala. Kwa masikio yetu, Kourou wa kuzungumuza na Kourou wa kuimba ni kama watu wawili. Wa kwanza anachunga maneno yake. Wa pili anafungua kinywa na mwili wote unafuata, mabega yanashuka, macho yanatulia. Mwenye kutaka kujua nguvu ya Papa Wemba mu sinema asihesabu maneno aliyosema. Aangalie uso wake wakati wimbo unaanza.

Ile nguvu ilitoka wapi? Papa Wemba alizaliwa mwaka 1949 ku Lubefu, inchi ya Watetela, Sankuru. Mama yake alikuwa mulizi, mwanamuke wa kuitwa ku kilio juu ya kuimba marehemu. Mutoto alimufuata ku vilio, na yeye mwenyewe alisema mama njo alikuwa mwalimu wake wa kwanza. Mama mulizi hana mikro. Anatupa sauti juu ipite kelele za watu, halafu anaishusha polepole mupaka mioyo inavunjika. Anafanya kazi kwa sauti, kwa uso na kwa mikono. Mwenye kukomalia pale, kamera haiwezi kumuogopesha.

Hapa njo tunafika ku lile jambo ambalo tunakataa. Sinema inatuonyesha njia moja tu: acha ala ya kijiji, fuata umeme, utafanikiwa. Ni kama vile kijiji kilikuwa mahali pa kutoka tu. Maisha ya mwenye kucheza Kourou yanasema ingine. Aliingia Zaïko Langa Langa mwaka 1969, akaanzisha Viva la Musica mwaka 1977, akacheza gitare za umeme mupaka Ulaya na Japani, lakini ile sauti ya kilio hakuiacha, na Kitetela pia alikiimba. Umeme ulikuza kitu ambacho mama alikuwa amekwisha kupanda.

Kwa haki, tuseme pia kwamba Ngangura alirudilia lile ulizo. Mu Pièces d'identités ya mwaka 1998, mufalme muzee anafika Ubelgiji kutafuta binti yake, anabeba vitu vya ufalme wake, na vile vitu njo moyo wa hadithi. Ile sinema ilipata zawadi kubwa ya FESPACO mwaka 1999.

Mwaka 2012 Papa Wemba alionekana tena mu Kinshasa Kids, sinema ya watoto wa barabarani wenye kutafuta muziki. Safari hii anacheza mwenyewe, amekwisha kuwa muzee. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 2016 alianguka ku jukwaa kule Abidjan, akafariki. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo ku orodha ya urizi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Tulifurahi wote.

Lakini rumba imeandikwa; mama walizi nani anawaandika? Ku vilio vingi vya muji leo tunakodi baffle na muziki wa mashini, na mama anaketi kimya pembeni. Kama hakuna mutoto wa kumufuata, Papa Wemba mwingine atajifunza wapi? Tunaomba kila familia yenye mama mulizi imwite aimbe, na mwenye telefone ashike ile sauti mapema.